Bia ya chungwa na giligilani: Fedha ya mkulima iko wapi?

Mkulima wa machungwa wa Muheza akiambiwa kwamba huko Ubelgiji maganda ya machungwa na mbegu za giligilani hutiwa katika bia, jambo la kwanza atakalouliza ni bei ya kilo. Ni swali la haki. Kila unapofika msimu wa mavuno bei ya machungwa hushuka, mengine huozea chini ya miti, na maganda hutupwa jalalani na wauza matunda wa mijini. Soko lolote linalotaka maganda hayo lazima lisikike kama habari njema. Hata hivyo, kabla mtu hajaanika ganda hata moja, inafaa aelewe bia hiyo ni kitu gani, ladha yake hutoka wapi na ni nani hasa anayefaidika nayo.

Bia yenyewe huitwa saison, neno la Kifaransa lenye maana ya msimu. Asili yake ni mashamba ya jimbo la Hainaut, katika sehemu ya Ubelgiji inayozungumza Kifaransa. Kwa maelezo ya watengenezaji wake, wakulima waliipika wakati wa baridi, kazi za shamba zikiwa chache, wakaihifadhi hadi kiangazi ili iwafae vibarua wa msimu. Nafaka ilikuwa ya shambani, hasa shayiri, ikichanganywa na ngano au nyingine iliyopatikana. Machicha yalikwenda kwa ng'ombe. Kupika pombe kulikuwa sehemu ya shamba kama lilivyo zizi au ghala, na kuliwapa watumishi wa kudumu kazi ya kufanya katika miezi ambayo ardhi haikulimika.

Mtu aliyezoea bia za kawaida za chupa akiionja kwa mara ya kwanza hushangaa. Rangi yake ni ya dhahabu iliyofifia au inayokaribia chungwa, na mara nyingi ina ukungu kwa sababu chachu haikuchujwa yote. Povu lake ni jeupe, jingi, na halipotei haraka. Katika aina zinazotiwa viungo, puani hutangulia harufu ya ganda la chungwa na limau. Hufuata giligilani, ambayo mbegu yake iliyopondwa hunukia kama limau, tofauti kabisa na jani linalowekwa kwenye kachumbari. Mwishoni hutokea ukali mdogo kama wa pilipili manga. Ikifika mdomoni, gesi yake nyingi huchangamsha ulimi. Halafu huja jambo ambalo wengi hawalitegemei: pamoja na harufu yote hiyo ya matunda, bia haina utamu. Humalizika kavu, ikiacha uchungu kidogo na hamu ya funda jingine. Kilevi chake kwa kawaida ni kati ya asilimia 5 na 7.

Mwonjaji mzoefu hatafuti mazuri peke yake, hutafuta makosa pia. Giligilani ikizidi, bia hunukia kama sabuni ya kuogea. Ikiwa ni ya zamani, iliyokaa ghalani hadi mafuta yake yameharibika, huleta harufu nzito isiyofanana na limau hata kidogo. Ganda la chungwa lililomenywa pamoja na utando wake mweupe huacha uchungu mkavu unaong'ang'ania kooni. Kila kosa kati ya hayo linaweza kufuatiliwa hadi kwa mtu fulani: aliyevuna vibaya, aliyehifadhi vibaya au aliyepima vibaya.

Kuonja kwa namna hii si anasa, na si jambo geni Afrika Mashariki. Mkulima wa kahawa anajua kwamba kahawa yake huonjwa na kupangiwa daraja kabla ya mnada. Chai inayouzwa katika mnada wa Mombasa nayo huonjwa kwanza. Kikombe cha mwonjaji ndicho kinachoamua nani atalipwa vizuri na nani atakatwa. Kwa bia ya shambani hali ni hiyo hiyo, na anayeionja kwa makini hujifunza mambo mawili yenye uzito kwa mkulima.

La kwanza ni kwamba harufu ya viungo si lazima itoke katika viungo. Katika kijiji cha Tourpes kipo kiwanda cha Dupont, kilichomo ndani ya shamba ambalo bia imepikwa hapo tangu mwaka 1844 na ambalo familia ya Dupont ililinunua mwaka 1920. Bia yake, Saison Dupont, ndiyo inayochukuliwa na wengi kuwa kielelezo cha aina hii, na mwaka 2005 jarida la Men's Journal la Marekani liliitaja kuwa bia bora duniani. Bia hiyo haitiwi giligilani wala ganda la chungwa. Ile harufu ya limau na pilipili anayoisikia mnywaji hutengenezwa na chachu wakati inapokula sukari ya kimea. Katika kijiji jirani cha Pipaix, kiwanda cha Brasserie à Vapeur, kilichoanza mwaka 1785 na kinachojulikana kwa mtambo wake wa mvuke, hufuata njia nyingine: saison yake hutiwa viungo, vikiwamo pilipili manga, tangawizi na ganda la chungwa. Bia mbili za vijiji vinavyopakana, moja ina viungo na nyingine haina, na zote mbili zina harufu ya viungo.

La pili ni hesabu. Ili kupika lita 1,000 za bia yenye kilevi cha asilimia 6 hivi, huhitajika kimea cha kilo 200 hadi 250. Giligilani, hata kwa mpishi mwenye mkono mzito, ni kama kilo moja; ganda kavu la chungwa ni kiasi hicho hicho, na wengi hutumia pungufu ya hapo. Maana yake ni kwamba gunia moja la giligilani la kilo 50 linatosha lita 50,000, yaani chupa 100,000 za nusu lita. Kwa upande wa maganda, kilo moja iliyokauka hupatikana kwa kuanika kilo tatu hadi nne za maganda mabichi. Kiasi hicho muuza machungwa mmoja wa stendi anaweza kukikusanya kwa siku moja au mbili.

Kwa hesabu hiyo, mkulima atakayeng'oa mahindi ili apande giligilani kwa ajili ya viwanda vya bia atajikuta na magunia yasiyo na mnunuzi. Kiungo ndicho kinachosikika puani, lakini nafaka ndiyo inayojaza lori. Anayetaka kuuza malighafi kwa wapika bia na auze shayiri au mtama. Anayetaka kuuza maganda ayachukulie kuwa nyongeza ya shilingi chache juu ya chungwa ambalo tayari limeuzwa.

Je, fedha yenyewe iko wapi? Iko kwa yule anayeimaliza kazi na kuifunga katika chupa yenye jina la mahali. Shamba la Tourpes halikupata sifa kwa kuuza shayiri. Lilipata sifa kwa kuuza bia yake lenyewe, na hata jibini huuzwa kwa jina la shamba hilo. Bia ya aina hii ina sifa moja ya kibiashara inayopita zote: inakaa. Chachu imekula karibu sukari yote, hopsi zinazuia vijidudu, kilevi kipo cha kutosha, na bia huchachuka mara ya pili ndani ya chupa nene iliyofungwa barabara. Chupa iliyotengenezwa vizuri huvumilia miezi mingi ikiwa mahali penye ubaridi. Bidhaa inayokaa humpa mwenyewe nguvu ya kungoja bei.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa na mbege ya Kilimanjaro. Mbege nayo ni bia ya shambani kwa maana kamili ya neno hilo. Ndizi ni za kihamba, ulezi ndio unaotoa kimea, na gome la msesewe huleta uchungu kama hopsi zinavyofanya Ubelgiji. Ujuzi wake ni mkubwa na ladha yake haina mfano. Lakini huanza kuwa chachu kupita kiasi baada ya siku chache tu, hivyo mama anayeipika lazima aiuze kwa bei ya siku hiyo na kwa wateja wa kijiji hicho. Kinachomnyima kipato si ukosefu wa ladha. Ni ukosefu wa namna ya kuihifadhi ladha hiyo bila kuiua.

Lipo pia jambo moja katika saison linalofaa kutazamwa na wajasiriamali wa nchi za joto. Bia aina ya laga, ambayo ndiyo inayojaza maduka, huchachushwa katika nyuzijoto 8 hadi 14, na ubaridi huo ni gharama ya umeme na mitambo. Chachu ya saison hupenda joto: hufanya kazi vizuri kwenye nyuzijoto 25 hadi 30, na nyingine huvuka hapo. Hilo haliondoi gharama zote, maana usafi, maji safi, chupa imara na vipimo sahihi vya sukari haviepukiki. Chupa iliyokosewa kipimo inaweza kupasuka mkononi mwa mteja. Lakini linaonyesha kwamba si kila bia inadai kiwanda cha mabilioni.

Thamani ya jina la mahali inaonekana wazi katika mji wa Hoegaarden, upande wa Ubelgiji unaozungumza Kiholanzi. Bia nyeupe ya huko, yenye ngano, giligilani na ganda la chungwa chungu la Curaçao, lililo jamii ya danzi la pwani, ilikuwa imetoweka katika miaka ya 1950. Mwaka 1966 Pierre Celis, aliyekuwa muuza maziwa, aliifufua. Kiwanda kiliungua mwaka 1985, na hatimaye kikaingia mikononi mwa kampuni ambayo leo ni AB InBev, ile ile iliyoinunua SABMiller mwaka 2016 na hivyo kuwa mwenye hisa nyingi wa TBL. Mwaka 2005 kampuni hiyo ilitangaza kuhamishia upishi Jupille, karibu na Liège. Watu wa Hoegaarden walipinga, na mwaka 2007 uamuzi huo ukabatilishwa. Hata kampuni kubwa kiasi hicho ilishindwa kuihamisha bia kutoka mji unaoipa jina. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Serikali nazo zina sehemu yao. Uganda ilionyesha mwaka 2002, kwa bia ya Eagle iliyopikwa kwa mtama, na Kenya mwaka 2004, kwa bia ya Senator, kwamba nafuu ya ushuru inaweza kufungua soko la nafaka ya mkulima mdogo. Lakini mwaka 2013 Kenya ilipoipunguza nafuu hiyo kwa nusu, mauzo ya Senator yaliporomoka na wakulima wa mtama wakabaki na mazao mikononi. Baadaye nafuu ilirudishwa, ila mkulima aliyekwisha kopa mbegu na mbolea hangoji bajeti ya mwaka ujao. Sera ya ushuru kwa vinywaji vinavyotumia mazao ya nyumbani inapaswa kujulikana mapema na kudumu kwa miaka kadhaa, la sivyo inakuwa mtego.

Kwa wakulima na wafanyabiashara wadogo, yapo ya kufanya bila kungoja kiwanda. Anayetaka kuuza maganda aanze na usafi wa dawa: ganda ndilo linalopokea dawa inayopuliziwa mtini, na mnunuzi makini atalipima. Maganda yamenywe membamba bila utando mweupe, yakaushwe kivulini juu ya vichanja, na yafungwe yasipate unyevu. Majani ya chai yenye viungo, keki, jemu na achari vinayahitaji kama bia inavyoyahitaji, na kwa msomaji asiyekunywa pombe hayo ndiyo masoko ya kuanzia. Anayetaka kufunga kinywaji chochote katika chupa aende SIDO kwa mafunzo na TBS kwa alama ya ubora, na kwa pombe apate leseni kwanza. Vikundi vya akina mama wapika mbege vinastahili kuwa wa kwanza kusaidiwa na wataalamu wa vyuo katika kuhifadhi, kwa sababu ladha wanayo tayari.

Zaidi ya yote, vikundi vijenge tabia ya kuonja. Kila upishi uonjwe na watu wasiopungua watatu, kasoro ziandikwe, na zile zisizofaa zisiuzwe. Mnywaji wa Hainaut hulipia ladha anayoikuta leo sawa na aliyoikuta mwaka jana, na shamba linaloweza kumpa hiyo ndilo linalopanga bei ya chupa yake. Anayeuza ganda la chungwa atapangiwa bei na mtu mwingine.