Mbwa mkali akaguliwe kabla ya kufutwa vitabuni

Mfanyabiashara mwenye ghala hufuga mbwa kwa sababu moja: kulinda mali. Mbwa huyo akianza kuwauma makuli, wateja au watoto wa jirani, uamuzi huwa wa haraka. Ama hufungwa mnyororo mfupi na kuchapwa ili ashike adabu, ama huuawa na mwingine akanunuliwa. Njia zote mbili ni hasara, na kesi moja ya Marekani inaonyesha kwa nini.

Mwaka 2007 vyombo vya dola vilikamata mbwa zaidi ya 50 wa aina ya pit bull katika shamba la Michael Vick, nyota wa mpira wa Kimarekani, huko Surry, jimboni Virginia. Mbwa hao walifugwa kwa ajili ya mapigano ya kamari. Vick alikiri kosa na Desemba mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miezi 23.

Desturi ya wakati huo ilikuwa kuwaua mbwa wa namna hiyo wote kwa mkupuo. Hata baadhi ya mashirika makubwa ya kutetea wanyama yalishauri hivyo. Badala yake wataalamu waliwapima mbwa 49, mmoja mmoja. Aliyeuawa kwa sababu ya ukali alikuwa mmoja tu.

Wakaguzi hao waligundua kwamba wengi hawakuwa wakali bali waoga. Walijilaza kifudifudi sakafuni, wakitetemeka mbele ya mtu. Mbwa 22 waliokuwa na matatizo makubwa zaidi walipelekwa kwenye kituo cha Best Friends, mjini Kanab, jimboni Utah. Wengi wao hatimaye waliishi majumbani mwa watu.

Jambo la pili la kuzingatia ni la kifedha. Mahakama ilimwamuru Vick kulipa karibu dola 928,000 za matunzo ya mbwa hao. Aliyeharibu ndiye aliyelipa. Hiyo ndiyo kanuni ambayo mwenye ghala anapaswa kuikubali: mbwa aliyeharibika kwa fimbo na mnyororo ni gharama ya mwenyewe, si ya kuli aliyeumwa.

Fimbo yenyewe haina faida. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania uliochapishwa mwaka 2009 uliwahoji wamiliki 140 wa mbwa wenye matatizo ya tabia. Kati ya waliowahi kuwapiga au kuwapiga mateke mbwa wao, asilimia 43 walisema mbwa alijibu kwa ukali. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mbwa aliyezoea kipigo humwona kila mwenye mkono ulioinuliwa kuwa adui. Aidha, mbwa anayeadhibiwa kwa kunguruma anaweza kuacha kunguruma, akauma bila kutoa onyo.

Njia inayofaa inajulikana, ila ni ya polepole. Kwanza daktari wa mifugo ampime, kwani maumivu ya jino au ya mguu yanaweza kumfanya mbwa aume, na chanjo ya kichaa cha mbwa iwe imekamilika. Kisha mgeni asimame mbali kiasi kwamba mbwa amwone bila kubweka, na kila anapomwona apewe kipande cha nyama. Umbali hupunguzwa siku hadi siku. Mbwa akianza kubweka, ni dalili kwamba haraka imezidi. Mgeni arudi nyuma. Kazi hiyo huweza kuchukua wiki au miezi, na katika kipindi chote hicho mbwa asiachwe huru mahali penye watu.

Wapo watakaosema kwamba biashara haina muda huo. Hoja yao ina uzito, na ni kweli pia kwamba si kila mbwa hupona. Kati ya wale 22 wa Kanab, wawili mahakama iliamuru wabaki kituoni maisha yao yote. Lakini hata katika mikopo yapo madeni yasiyolipika, na hakuna mkopeshaji mwenye akili anayefuta daftari zima kwa sababu ya wadeni wawili.

Ikumbukwe pia kwamba mbwa anayemuuma kila mtu halindi. Kazi ya mlinzi ni kutofautisha mwizi na mteja, na mbwa aliyejaa hofu hawezi kutofautisha. Anayemnunua mwingine na kumfunga mnyororo uleule ananunua tatizo lilelile mara ya pili.

Mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye ghala aandike mbwa wake alimuuma nani, lini na nini kilitangulia. Ukurasa huo mmoja utamwonyesha kama anaye mbwa wa kutibiwa, mbwa wa kutengwa, au mnyororo wa kutupwa.