Maoni: Zawadi za wanafunzi wa fizikia zinaishia mlangoni mwa ubalozi

Kila mwaka, karibu na mwezi wa tatu, Shirika la Fizikia la Marekani, APS, lililoanzishwa mwaka 1899, linakusanya mahali pamoja wanasayansi zaidi ya 10,000. Wengi wanaosimama mbele ya watu siku hizo si maprofesa wenye mvi. Ni wanafunzi wa doktora. Kila mmoja anapewa dakika 10 za kueleza utafiti wake, kisha dakika 2 za maswali, halafu anampisha mwingine. Baadhi ya vitengo vya shirika hilo vina majaji wanaosikiliza na kuchagua wanafunzi walioeleza kazi yao vizuri zaidi, na kuwapa zawadi.

Desturi hiyo haiko Marekani peke yake. Wataalamu wa nguvu ya uvutano, wale wanaoendeleza kazi ya Einstein, wana mkutano wao wa dunia kila miaka mitatu. Humo kuna zawadi za wanafunzi zenye jina la James Hartle, mwanafizikia Mmarekani aliyefariki mwaka 2023. Mwaka 2001 mkutano huo ulifanyika Durban, Afrika Kusini. Mwaka 2025 ulikuwa Glasgow, Uingereza.

Kwa pesa, zawadi za namna hii ni ndogo. Mara nyingi ni cheti na kiasi kidogo kisichotosha hata tiketi ya ndege. Lakini anayezichukulia kama mchezo wa watoto anakosea. Profesa anayetafuta mtafiti kijana hana muda wa kusoma teze mia mbili. Akiona kwamba majaji wa mkutano mkubwa walimsikiliza mtu na kumpa nafasi ya kwanza, atafungua barua yake. Kwa kijana asiye na jina, huo ni mlango.

Kazi ya mwanafunzi, jina la mkubwa

Historia ya fizikia inaonyesha kwa nini mlango huo unahitajika. Mwaka 1967, huko Cambridge, mwanafunzi wa doktora Jocelyn Bell aliona alama ndogo ya ajabu kwenye karatasi za darubini ya redio. Alama hiyo ilikuwa ya palsa, nyota iliyokufa inayozunguka kwa kasi kubwa. Mwaka 1974 zawadi ya Nobeli ilitolewa kwa ajili ya ugunduzi huo. Ilipewa msimamizi wake, Antony Hewish, pamoja na Martin Ryle. Mwanafunzi hakutajwa.

Mwaka 2018, mama huyo alipopewa zawadi nyingine ya dola milioni 3, hakubaki nazo. Alizitoa zote zilipie masomo ya doktora ya fizikia kwa vijana ambao kwa kawaida hawapati nafasi, wakimbizi wakiwemo. Alielewa kwamba akili haitoshi kama mwenye akili haonekani.

Ndiyo faida ya zawadi ya mwanafunzi mzungumzaji: inamtaja aliyefanya kazi yeye mwenyewe, akiwa bado kijana, kabla mkubwa wake hajafunika jina lake.

Viza kabla ya fizikia

Ila ili kushindana, lazima kwanza ufike ukumbini. Hapo ndipo mashindano yanapoharibika kwa kijana wa Kongo.

Mwanafunzi wa Bukavu ama Goma anayealikwa kuzungumza Ulaya hashindani kwanza na wenzake wa Paris au Munich. Anashindana na safari. Maombi mengi ya viza ya Schengen yanapitia Kinshasa, na tangu Juni 2024 gharama ya viza hiyo ni euro 90 ambazo hazirudishwi ukikataliwa. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025 vita vilipoingia mjini, na benki nazo zikafunga milango. Kijana ambaye wazazi wake wanatafuta minervali kwa shida, atatoa wapi pesa ya kufika Kinshasa, kulala huko wiki nzima akisubiri jibu, kisha kununua tiketi ya Ulaya?

Halafu kuna lugha. Nyumbani anasema Kiswahili, Kishi, Kinande ama Kilega. Darasani anasoma kwa Kifaransa. Mkutanoni anatakiwa kueleza kwa Kiingereza, kwa dakika 10, mbele ya majaji wengi waliokizoea tangu utoto. Jaji asipojihadhari, atampa alama nyingi mwenye ulimi mwepesi na kumwacha mwenye wazo zito.

Wapo watakaosema kwamba mkutano wa fizikia si shirika la misaada, na kwamba zawadi ni ya aliyefika. Jibu hilo lingekuwa na nguvu kabla ya Covid-19. Mwaka 2021, mkutano mkubwa wa APS ulifanyika wote kwa intaneti. Wanafunzi walizungumza wakiwa vyumbani mwao, na fizikia haikufa. Kwa hiyo inawezekana. Anayenyimwa viza aruhusiwe kutuma maelezo yake kwa video, kisha ajibu maswali kwa simu, na majaji wampime kwa vipimo vile vile. Vipimo hivyo vitangazwe mapema: uzito wa wazo, mpangilio, namna ya kujibu maswali. Lafudhi isiwe kati yake.

Hapa nyumbani nako

Hata hivyo, si haki kulaumu Ulaya na Marekani peke yao. Katika vyuo vyetu vingi, mwanafunzi husimama mbele ya watu mara moja tu, siku ya kutetea kazi yake ya mwisho. Siku hiyo jury inampa alama, ndugu wanapiga makofi, picha zinapigwa, basi. Amejifunza kuzungumza siku ambayo masomo yameisha. Shefu wa travo na asistanti wanajua vijana wenye vipaji, lakini hakuna ukumbi wa kuwaonyesha.

Na jambo hili halihusu cheti tu. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ililipuka na kuua watu zaidi ya 30. Siku tano baadaye, wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma waliamriwa kuhama mara moja, kwa hofu ya magma chini ya mji na ya gesi iliyo ndani ya Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu walitembea kuelekea Sake na Gisenyi, wengi bila kuelewa hatari yenyewe ilikuwa nini. Magma, matetemeko, gesi ndani ya maji: hiyo yote ni fizikia. Siku kama ile, mji unahitaji mtu anayejua mambo na anayeweza kuyaeleza kwa dakika 10, kwa lugha ambayo mama wa sokoni anaisikia. Mtu huyo hazaliwi siku ya mlipuko. Anafundishwa mapema.

Kuanza si vigumu. Idara za fizikia za Bukavu, Goma, Lubumbashi na Kisangani zinaweza kupanga siku moja kwa mwaka: wanafunzi wa masta na doktora, dakika 10 kila mmoja, majaji watatu, na hakuna jaji anayempigia alama mwanafunzi wake mwenyewe. Kila mzungumzaji arudishiwe maoni ya majaji kwa maandishi, hata aliyeshindwa. Zungumzo moja liwe kwa Kiswahili, kwa wakaaji wote. Washindi wasaidiwe kufika kwanza Kigali, ambako tangu 2018 kuna taasisi ya utafiti wa fizikia inayopokea wanafunzi wa kanda yetu, kabla ya kuota Glasgow.

Pesa inayohitajika haizidi ile ya chakula cha wageni wa heshima siku ya kufungua mwaka wa masomo. Wakuu wa vyuo waamue mwaka huu mlo huo upungue, na kijana mmoja apewe dakika 10.