Muhuri wa Umma na Tamaa ya Kura

Katika Kisiwa cha Mafia muhuri wa afisa mtendaji wa kata si kitu kidogo. Mtu wa Kirongwe au Baleni akihitaji barua ya utambulisho hana budi kufika mbele ya meza yake. Na mtendaji huyo huyo ndiye katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Huandika mihtasari, hujua fedha za zahanati zimekwama wapi na nani alipinga nini kikaoni.

Je, ndugu zangu, mtumishi wa namna hiyo akianza kukitamani kiti cha mwenyekiti wake, mwananchi atamtambuaje? Asubuhi hugonga muhuri, jioni huomba kura. Mvuvi aliyeisubiri barua siku tatu, akinong'onezwa kwamba bwana mkubwa anafikiria kugombea, atafanya nini? Atacheka, ataitikia, atachukua barua yake aende zake. Huko si kuchagua.

Watetezi wa mwenendo huu hutuambia kwamba Katiba ya 1977 humpa raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi yake. Hakuna anayebisha. Lakini haki hiyo haikutaja mafuta ya pikipiki ya halmashauri. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au zaidi. Leo twamvumilia mtu anayetumia mshahara mmoja wa umma kuwindia posho ya pili, tena hadharani.

Ipo hoja nzito zaidi, nami siipuuzi. Mshahara wa mtumishi ni mdogo. Akilazimishwa kuacha kazi mapema, ugombea utabaki kuwa wa matajiri. Jirani zetu wa Kenya walichagua njia kali. Sheria yao ya Uchaguzi ya 2011 ilimtaka mtumishi wa umma ajiuzulu walau miezi sita kabla ya siku ya kura, na kwa uchaguzi wa Agosti 2022 mwisho ulikuwa tarehe 9 Februari. Mimi ningeridhika na likizo bila malipo, mradi isingoje siku ya kuchukua fomu. Kampeni ya kisiwani haianzi kwa fomu. Huanza misibani, harusini, na chomboni kati ya Utende na Chole, mwaka mzima kabla.

Karani wa Bunge kule Dodoma naye yumo humu. Yeye huwaandalia wabunge shughuli zao na kuyasikia yasiyosemwa ukumbini. Hayo ni amana, hakuajiriwa ayafanye mtaji wa kumwangusha yule anayemtumikia.

Basi mtendaji anayeutaka udiwani na atamke mapema. Akabidhi muhuri, funguo za ofisi na daftari la mihtasari mbele ya kamati nzima, ndipo aende kuomba kura kama mvuvi mwingine yeyote. Akishindwa, apangiwe kata nyingine, asirudi kukaa meza moja na diwani aliyemshinda, wala kuwagongea barua watu waliomnyima kura.