Mikwaruzo iliyofichwa chini ya mapambo



Jamaa inayonunua kamioneti iliyokwisha kutumiwa na wengine haijinunulii chombo cha kutembelea tu. Imenunua karo ya watoto, dawa ya mgonjwa na unga wa nyumbani, kwa maana yote hayo yatapatikana kwa kazi ya chombo hicho. Ndiyo maana tumeona vema leo kusema habari ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni mikwaruzo ya rangi inayoachwa na vyombo vya kuongezwa.

Magari mengi ya namna hiyo tunayoyaona Lubumbashi, Likasi na Kolwezi yametoka Japani. Yameshushwa bandarini Dar es Salaam, yakapita Tunduma na nchi ya Zambia, yakaingia kwetu kwa mpaka wa Kasumbalesa. Wenyeji wao wa kwanza, au wachuuzi waliofuata, waliyavika mapambo ambayo kiwanda hakikuyaweka: kinga ya mabomba ya chuma mbele, keria ya mizigo juu ya paa, ngazi za pembeni, vipande vya plastiki vya kupanua madigadi, vizuia mvua juu ya madirisha, na plastiki nene ya kufunika sanduku la nyuma. Mnunuzi huyatazama na moyo wake hufurahi. Lakini siku atakapoyaondoa, kwa kuwa yamelegea au yanapiga kelele, ataona yaliyo chini yake: mistari iliyochimbwa katika rangi, mabaki ya gundi, matundu ya skrubu, na mara nyingi wekundu wa kutu.

Kwanza tuulize: mikwaruzo hiyo hutoka wapi? Barabara zetu nyingi ni za udongo mwekundu. Vumbi lake huingia kila penye nafasi, hata katika ufa mwembamba kama uzi. Gari likitikisika, plastiki na chuma huchezacheza, na vumbi lililo katikati hufanya kazi ya msasa. Siku moja haina dhara, lakini miezi 12 ya kusugua hula rangi yote. Kisha masika hufika. Maji huingia mahali pale pale, nayo hayakauki upesi kwa sababu jua na upepo havifiki. Mchanga umekwisha kuichubua rangi, maji yanakikuta chuma kitupu, na kutu inaanza.

Wanafunzi wetu wamejifunza darasani kwamba kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni pamoja na maji. Waongeze jambo hili: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo huvimba chini ya rangi, huinua rangi iliyo jirani, nayo ikipasuka hupitisha maji mengine. Kidonda kidogo kama punje ya mtama hujipanua chenyewe hivyo. Tena chumvi huharakisha mambo. Gari lililosafiri baharini, au lililopita majira ya baridi katika nchi ambako barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha theluji, huenda limebeba chumvi hiyo katika mikunjo yake.

Sasa tujue rangi ya gari imepangwa namna gani. Chini kabisa ni bati la chuma, lililotiwa dawa kiwandani. Juu yake ni rangi ya kuzuia kutu, ambayo bodi zima huchovywa ndani yake kwa nguvu ya umeme ili ifike katika kila pembe. Hufuata rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe tunayoiona, na mwisho vanishi isiyo na rangi, inayong'aa. Magari mengine, hasa meupe ya kazi, hayana vanishi hiyo, rangi yake hung'aa yenyewe. Unene wa tabaka zote pamoja ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita tu. Hicho ndicho kinga chote cha chuma chako. Basi yeyote anayeshika msasa na ajue kwamba anasugua kitu chembamba sana.

Kabla ya kutengeneza, pima. Osha mahali pale kwa maji mengi na sabuni, acha pakauke, kisha pitisha ukucha juu ya mkwaruzo kwa kuukata njia. Ukucha usiponasa, mkwaruzo upo katika vanishi tu. Ukinasa, umefika ndani. Ukiona kijivu, umefika kwenye rangi ya msingi, na ukiona chuma au wekundu, umefika mwisho. Hizo ni hali tatu, na kila moja ina dawa yake. Kumpa mgonjwa wa macho dawa ya tumbo si uganga.

Ikiwa plastiki ingali imegandishwa kwa utepe wenye gundi pande mbili, usiing'oe kwa bisibisi wala kwa kisu. Paka maji ya moto kwa kitambaa mpaka gundi ilainike, kisha ingiza uzi wa nailoni wa kuvulia samaki nyuma ya plastiki, uvute huku na huku kama msumeno. Gundi inayobaki ondoa kwa kidole, na ile ya mwisho kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, mbali na moto. Osha tena kwa sabuni. Petroli usiitumie: mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo, nayo huweza kuharibu rangi iliyopakwa baadaye na mafundi.

Hali ya kwanza, mkwaruzo wa vanishi tu. Hapa huhitaji rangi. Chukua pasta ya kung'arishia, kitambaa laini kisicho na mchanga, sugua kwa mkono kidogo kidogo, ufute, utazame. Mkwaruzo ukikataa, tumia msasa wa maji namba 2000 au 3000, wenye maji na sabuni kidogo, kwa mkono mwepesi, kisha pasta tena. Kumbuka kwamba namba ikizidi kuwa kubwa msasa huwa laini zaidi. Karibu na kingo za bati uwe na uangalifu mara mbili, kwani hapo rangi ni nyembamba. Na ukiona kivuli cha umbo la plastiki iliyoondolewa, rangi iliyokuwa chini yake ikiwa mbichi na ile ya nje ikiwa imepaushwa na jua, jua hakika kwamba pasta itapunguza tofauti, lakini haitaifuta yote. Hilo si ugonjwa, ni umri.

Hali ya pili, mkwaruzo uliopita rangi bila kufika kwenye chuma. Tafuta rangi iliyo sawa kwa kusoma kibati cha gari. Katika Toyota kibati hicho huwa chini ya boneti au kwenye mhimili wa mlango, na namba ya rangi hufuata herufi C/TR. Kwa mfano, 040 ni nyeupe inayoonekana sana kwenye magari hayo. Mpelekee muuza rangi namba hiyo, usimwambie tu kwamba unataka "nyeupe", kwa maana nyeupe ni nyingi. Jaribu kwanza juu ya kipande cha kadibodi, uiache ikauke, uilinganishe na gari nje kwenye mwanga. Kisha, kwa brashi nyembamba au kijiti kilichochongwa, tia rangi ndani ya mfereji wa mkwaruzo peke yake, tabaka jembamba, ukingoje likauke kabla ya kutia jingine. Mwenye kutia tone moja kubwa ili amalize upesi hupata chunjua badala ya kovu. Kama gari lina vanishi, malizia kwa vanishi. Baada ya siku kadhaa za kukauka, sawazisha kwa msasa laini wa maji na pasta.

Hali ya tatu, chuma kimeonekana. Hapa si uzuri tena unaotetewa, bali uhai wa bati. Ondoa kutu yote kwa brashi ya waya au msasa namba 80 mpaka uone chuma cheupe, kisha lainisha kingo za rangi kwa namba 320 hata kidole kisisikie ngazi. Katika vishimo ambamo msasa haufiki, paka dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosforiki, ukifuata maandishi ya chupa, ukivaa glavu na kulinda macho. Pakikauka na kusafishwa, paka rangi ya kuzuia kutu siku ile ile, kwa maana chuma kitupu kikilala usiku mmoja wenye unyevu huanza kutu upya. Kisha lainisha kwa namba 600, tia rangi, tia vanishi.

Matundu ya skrubu yanahitaji neno lake. Aliyetoboa paa au sanduku alikata kinga yote ya kiwanda, na kingo za tundu zilibaki uchi. Usizibe tundu kwa gundi na kupaka rangi juu. Safisha kingo ndani na nje, zipake rangi ya kuzuia kutu mara mbili, ndipo utie kizibo cha mpira. Tundu la paani lenye kutu pande zote, au bati linalobonyea chini ya kidole gumba, limepita kazi ya nyumbani. Mwite fundi wa kuchomelea.

Kazi hii ifanyike katika kiangazi, kivulini, penye hewa, wala si juu ya bati lililochomwa na jua. Watoto wakae mbali. Na rangi ya kupulizwa yenye dawa ya kuigandisha, ile ya vyupa viwili vinavyochanganywa, mwachie fundi mwenye barakoa ya kufaa, kwa sababu ukungu wake una isosianati, sumu inayoweza kudhuru mapafu daima. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu.

Wengine watauliza: je, baada ya kazi yote hiyo, turudishe mapambo? Rudisha lile lenye faida. Keria inabeba magunia, na ngazi inamsaidia mama mzee kupanda. Lakini weka filamu ya plastiki au kipande cha mpira pale chombo kinapogusa rangi, kaza skrubu ili kisichezecheze, na acha njia ya maji kutoka. Kila miezi michache mimina maji kwenye nafasi ile uondoe vumbi. Tena skrubu za chuma kisichoshika kutu, zikigusa bati kwa uwazi katika maji, hulifanya bati liliwe upesi zaidi. Basi zitenge kwa vikombe vya plastiki.

Hapa, ndugu wasomaji, tunafika kwenye jambo la dhamiri. Tuweke mfano. Baba mmoja ameondoa kipanuzi cha madigadi, akakuta kutu imekula bati hata kidole kinapita. Wakati ule ule shemeji yake, ambaye yeye na mkewe wameweka fedha za likelemba miaka 2, anatafuta kamioneti ya kupeleka unga sokoni. Baba yule anaweza kurudisha kipanuzi, kukipaka mafuta ya kung'arisha, na kupokea bei ya gari zima. Shemeji atauliza, "Mzee, hapa chini pana nini?" Naye aweza kujibu, "Ni pambo tu, shemeji." Neno lenyewe ni kweli. Lakini ni kweli inayofanya kazi ya uongo, na fedha inayopatikana kwa njia hiyo imeguswa na amri ya saba pamoja na ya nane. Bwana wetu, alipowakemea Mafarisayo katika sura ya 23 ya Injili ya Mtakatifu Mateo, aliwafananisha na makaburi yaliyopakwa chokaa. Tusifikiri kwamba neno hilo ni la Mafarisayo peke yao.

Atafanya nini basi? Ana njia mbili njema. Atengeneze bati kwa haki, atoe gharama yake, auze kwa bei kamili. Au alegeze kipanuzi mbele ya mnunuzi, amwonyeshe tundu, wapunguze bei pamoja. Katika njia zote mbili atapata pungufu ya alichotamani, lakini Dominika itakayofuata ataketi karibu na shemeji yake kanisani pasipo kugeuza uso. Undugu wa nyumba mbili ni ghali kuliko bati.

Na mnunuzi asiwe mvivu. Aombe kuinua plastiki ya sanduku, atazame chini ya keria, agonge kwa vidole. Achukue sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa: pale isiposhika vema, huenda pana lipu nene chini ya rangi. Kuuliza si kumtukana ndugu.

Mwaka 1955 Papa Pio XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Fundi yule wa Nazareti hakuacha maandiko, wala Injili haikuhifadhi neno lake hata moja. Twamjua kama mtu wa haki na wa kazi, na hayo yatosha kuwa mfano kwa kila anayeshika msasa.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Yeyote mwenye kamioneti uani, Jumamosi hii achukue ndoo ya maji na bisibisi, alegeze pambo moja tu, atazame chini yake. Akikuta rangi nzima, amshukuru Mungu. Akikuta mkwaruzo, sasa anajua dawa yake.