Mtunza Maktaba na Mkutubi

Leo naomba tuketi na maneno mawili ambayo wengi wetu huyatumia kana kwamba ni pacha: mtunza maktaba na mkutubi. La kwanza limejengwa juu ya kitenzi kutunza, yaani kukilinda kitu kisipotee wala kuharibika. La pili lina asili ya Kiarabu, ambako kutub ni wingi wa kitabu. Basi mkutubi ni mtu wa vitabu. Kamusi zaweza kuyaweka mahali pamoja, lakini mimi niliyeshika funguo za maktaba ya shule kwa miaka mingi nimeshuhudia kwamba umbali ulio kati yao ni mkubwa. Nilianza kazi hiyo nikiwa mtunza. Ukutubi nilijifunza baadaye, nao haukuja bila aibu.

Rai yangu naitamka mapema ili msomaji asitafute njia gizani: shule zetu za sekondari hazikosi vitabu peke yake, zinamkosa mtu anayesoma, ambaye kazi yake ni kuvitoa vitabu hivyo rafuni na kuvitia mikononi mwa wanafunzi. Na fasihi yetu, hususan ushairi, haitarithiwa pasipo mtu huyo.

Nilizaliwa katika nyumba ya Kisukuma isiyokuwa na kitabu hata kimoja. Kiswahili nilikipata shuleni na, zaidi ya hapo, kwenye rafu ya maktaba ya kijiji. Vijana wa leo huenda hawajui kwamba tulikuwa na maktaba za vijijini. Wakati wa sensa ya mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa ilikuwa tayari imeingia katika mradi wa majaribio wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO. Walioanza kusoma walihitaji cha kusoma, la sivyo wangesahau. Ndiyo maana vikaja vitabu, na likaja gazeti la vijijini lililotolewa Mwanza, Elimu Haina Mwisho. Baba yangu alijifunza herufi akiwa na mvi. Jioni nilimsomea gazeti hilo, naye akafuata kwa kidole, akinikatiza kila nilipokimbia.

Rafu ile ilikuwa chini ya mwalimu mmoja wa kisomo. Hakuwa na cheo cha ukutubi wala cheti chake. Lakini alivisoma vitabu vyote alivyokuwa navyo, tena alitujua sisi. Mkulima wa pamba alimpa kijitabu cha pamba. Mimi aliponiona napenda hadithi akanipa Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, akaniambia nikimaliza nirudi nimweleze. Sikuelewa nusu yake. Nilirudi, akanieleza yeye. Nadhani ualimu wangu ulianzia hapo.

Katika chuo cha ualimu nilikutana na kitabu cha Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotoka mwaka 1954. Kilichapwa na tawi la East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa mwaka 1948, ambalo mbali na kuchapa vitabu lilisafirisha masanduku ya vitabu vya kuazima hadi mashambani. Nilivutiwa na jambo hilo: waliochapa ushairi walijua kwamba kuchapa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumfikia msomaji.

Haya yote niliyajua. Hata hivyo, nilipokabidhiwa maktaba ya shule, juu ya vipindi vyangu vya Kiswahili na zamu ya bweni, niligeuka kuwa askari. Nilihesabu vitabu, nikavipiga mihuri, nikafunga mlango. Mwanafunzi aliyetaka kuazima diwani nilimwambia asubiri kipindi cha fasihi, kwa kuwa nakala zilikuwa chache na mtihani ulikuwa karibu. Siku moja alikuja mkaguzi. Akahesabu, akalinganisha na daftari, akaona hakijapotea hata kimoja. Alinisifu mbele ya walimu wenzangu. Nami nilijisifu, mpaka jioni ile nilipofungua daftari la kuazimia, nikakuta kurasa nyeupe. Havikupotea kwa sababu havikutoka.

Wapo watakaouliza, kwani aibu hiyo iliponywa na nini? Iliponywa kwa kutembea. Nilikuwa na desturi ya kwenda Mwanza wakati wa likizo, na katika safari moja nikaingia Maktaba ya Mkoa kwa nia ya kuuliza namna bora ya kupanga kadi. Mkutubi niliyemkuta, mama wa makamo, alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza: "Mwalimu, mwezi huu umesoma nini?" Nilitaja vitabu vya mtaala. Akatikisa kichwa. "Hivyo umefundisha, Mwalimu. Nimeuliza ulivyosoma." Sikuwa na jibu. Akainuka, akaniletea riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akasema mtu wa Kanda ya Ziwa hana udhuru wa kutoijua.

Niliisoma papo hapo kwa siku nne. Kitereza, mwana wa Ukerewe, aliiandika kwa Kikerewe na kuikamilisha mwaka 1945. Alikosa mchapishaji. Akaitafsiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki kabla kitabu hakijamfikia mkononi. Nilifunga kurasa za mwisho nikijiuliza: mzee huyu alisubiri miaka thelathini na mitano ili apate msomaji, nami nina vitabu kabatini vinavyosubiri kwa sababu ya kufuli langu. Ni nani mwenye hatia kubwa zaidi?

Tangu hapo nikawa kila niendako natafuta maktaba kama wengine watafutavyo ndugu. Nilipokwenda Dar es Salaam kusahihisha mitihani, niliingia Maktaba Kuu ya Taifa, ile iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kuadhimisha uhuru. Sikwenda kuangalia jengo. Nilikwenda kuangalia watu: wanafunzi wasiokuwa na meza nyumbani, wazee wenye magazeti, kijana mmoja aliyenakili shairi kwa kalamu ya risasi. Nilikaa nyuma ya dawati la mapokezi, nikahesabu maswali ambayo wakutubi waliulizwa kwa saa moja. Yaliyohusu mahali kitabu kilipo yalikuwa machache. Mengi yalihusu kitabu gani kinafaa. Swali la namna hiyo halijibiwi na kadi. Hujibiwa na mtu aliyesoma.

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nilioneshwa orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyoandaliwa na J. W. T. Allen na kuchapishwa mwaka 1970. Miswada mingi ni tenzi za kale za pwani, zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu na kuhifadhiwa majumbani, mikononi mwa familia, kabla ya kufika chuoni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba historia ya ushairi wetu ni historia ya wakutubi wasiokuwa na cheo. Mchukueni Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Lau si Mwalimu Sikujua Abdallah, aliyezikusanya tungo zile kutoka vinywani mwa watu, akashirikiana na W. E. Taylor kuziandika, tungebaki na jina tupu. Diwani ya Muyaka ilichapishwa na William Hichens mwaka 1940, miaka mia moja baada ya mshairi kuzikwa. Mwalimu Sikujua hakuwa mlinzi wa mlango. Alizipenda tungo, akazijua, akazieleza kwa aliyeuliza. Kupenda, kujua, kueleza: huo ndio ukutubi.

Niliporudi Samuye nilifanya mambo matatu tu. Niliufungua mlango kila siku baada ya vipindi. Niliandika ubaoni, kila Jumatatu, jina la kitabu ninachokisoma mimi. Na nikaruhusu vitabu viende nyumbani, ambako Kiswahili ni lugha ya pili na taa mara nyingi ni ya tochi ya simu. Mwaka wa kwanza vilipotea vitabu kumi na saba. Safari hii sikusifiwa. Niliandika barua ya kujieleza, na nusura maktaba irudishwe kwenye kufuli.

Kimojawapo cha vile kumi na saba kilikuwa Wasakatonge, diwani ya Mohammed Seif Khatib. Aliyekiazima aliacha shule kidato cha tatu, akaenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo, kama wavulana wengi wa upande wetu wanavyofanya hali ya nyumbani inapobana. Ilipita zaidi ya miaka minne. Siku moja alinijia nyumbani, mwanamume mzima, akiwa na kitabu kilichofunikwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji, kingo zake zimekuwa nyekundu kwa vumbi la duara. "Shikamoo, Mwalimu. Nimechelewa." Akaeleza kwamba usiku, karasha zinaponyamaza, wenzake humtaka awasomee. Neno lile la jalada, wasakatonge, walikuwa wamelichukua wakajiita wao wenyewe. Kurasa mbili zilikuwa zimetoka, lakini mashairi yaliyokuwamo aliyajua kwa kichwa, akanighania akiwa amesimama uani.

Sitamhadithia msomaji kwamba kijana huyo alirudi shule akawa msomi. Hakurudi. Alirudi machimboni, nami nikampa kitabu kingine. Ninachosema ni kwamba ushairi ulifika mahali ambapo hakuna mtaala wala mwalimu, na ulifika kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Katika hesabu ya mkaguzi ulikuwa upotevu.

Najua majibu ninayoweza kupewa. La kwanza ni kwamba siku hizi kuna intaneti, na kila kitu kimo simuni. Sibishi, nami makala haya nayaandikia humo humo. Lakini simu humletea mtu akitafutacho, na mtoto ambaye hajapata kusikia jina la Muyaka hawezi kumtafuta. La pili ni uhaba wa fedha. Hilo ni zito zaidi. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, wanafunzi wamefurika, na halmashauri zinahangaika na madarasa na madawati. Hata hivyo, mkoa wetu na jirani zetu wa Geita tumekalia dhahabu na almasi. Halmashauri zenye migodi hupokea ushuru wa huduma, na marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yanazitaka kampuni kupanga kila mwaka, pamoja na halmashauri, namna zitakavyoihudumia jamii. Mipango hiyo hujenga vyumba. Siombi jengo jipya. Naomba katika vyumba vilivyokwisha kujengwa aajiriwe mtu mmoja.

Mtu huyo yupo. Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka kilichoko Bagamoyo, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, kinafundisha kazi hii. Tusiendelee kumtwika funguo mwalimu mwenye mzigo wa vipindi, kisha tukashangaa anapoona kufuli ndiyo njia ya kuokoa usingizi wake. Na tukishamwajiri mkutubi, tusimpime kwa vitabu vilivyobaki. Tumpime kwa vilivyotoka. Kila mwaka apewe nauli ya kutembelea maktaba nyingine walau mbili, kwani mkutubi asiyetembea hudhani rafu zake ndizo dunia. Na kabla ya yote aulizwe lile swali nililoulizwa mimi Mwanza.

Mimi nimestaafu. Funguo nilizikabidhi kwa kuandikiana, kama inavyotakiwa, pamoja na orodha ya vitabu na orodha ya pili, fupi, ya vilivyopotea. Hiyo ya pili niliinakili, ninayo nyumbani. Naifunga makala hii kwa beti mbili, wenye kujua mizani wanisahihishe:

Ufunguo nauacha, naukabidhi kwa nani?
Vumbi limekwisha ficha, diwani zile rafuni,
Mvua hunyesha kucha, mbegu zikiwa ghalani,
Mtunza hutunza rafu, mkutubi wasomaji.

Watoto wakishafika, mlango ufungueni,
Kitabu kikichanika, kwa gundi mkiungeni,
Wala msije kufoka, kwa kuchelewa njiani,
Mtunza hutunza rafu, mkutubi wasomaji.