Tanuru la Mdomo Mmoja

Haya jamani, leo tuzungumzie moto. Sio moto wa siasa, huo tumeshauzoea. Nasema moto wa viwandani, ule unaopika saruji na kuyeyusha vioo. Najua kuna watakaosema mwandishi kaishiwa habari. Nivumilieni kidogo, maana ndani ya moto huo kuna ajira za watu na bei ya mfuko wa saruji unaoudunduliza kwa ajili ya kile kiwanja chako.

Mwaka 2006 ukame ulipokausha mabwawa na mgao wa umeme ukatukaba koo, kila ofisi ya Dar es Salaam iliyojiweza ilinunua jenereta. Hakuna aliyesubiri semina elekezi. Hata kinyozi wa uchochoroni alielewa kwamba kutegemea waya mmoja ni kujitakia. Sasa hebu tujiulize: kama kinyozi alielewa, kwa nini tunaona sawa kiwanda chenye mamia ya wafanyakazi kiwe na tanuru linalojua kula chakula cha aina moja tu?

Turudi nyuma kidogo. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikalala chini ya ardhi miaka 30. Mwaka 2004 bomba likafika Dar es Salaam. Mitambo ya umeme pale Ubungo iliyokuwa ikichoma mafuta ya kuagiza ikageuzwa ichome gesi. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilikuwa ndani ya mpango huo tangu mwanzo, na viwanda vingine vya jiji vikafuata. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi likafika dola 147 kwenye soko la dunia. Aliyekuwa ameshahamia kwenye gesi alilala usingizi. Hilo nalipigia makofi, tena ya kusimama.

Tatizo ni somo tulilolichukua. Tuliondoka pale tukiimba "gesi, gesi, gesi", kana kwamba mafuta ndiyo yaliyokuwa na laana. Kilichotuumiza kilikuwa kumtegemea muuzaji mmoja, na gesi nayo ina muuzaji. Bomba hufungwa kwa matengenezo. Visima hupungua nguvu. Na mteja asiye na pa kwenda hana ubavu wa kubishana bei. Ataambiwa, naye atalipa.

Mnaona naongeza chumvi? Twendeni Mtwara. Mwaka 2013 watu waliingia barabarani kudai gesi iwanufaishe wao kwanza kabla ya kusafirishwa. Bomba la kuipeleka Dar likakamilika mwaka 2015. Mwaka huohuo kiwanda kikubwa cha saruji cha Dangote kikafunguliwa palepale Mtwara, kikizalisha umeme wake kwa majenereta ya dizeli, gesi ikiwa jirani! Tanuru lake lilitegemea makaa ya mawe. Agosti 2016 serikali ikapiga marufuku makaa kutoka nje ya nchi. Mwishoni mwa Novemba kiwanda kikasimamisha uzalishaji kwa muda, huku gharama ya dizeli na hitilafu za kiufundi zikitajwa. Gesi ilikuja kuunganishwa baadaye.

Sisemi marufuku ile peke yake ndiyo iliyokizima, maana Ngaka, Ruvuma, makaa yapo. Ninachosema ni kwamba kiwanda cha mamilioni ya dola kilijikuta kikisubiri waheshimiwa wakae vikao kuhusu nini kiruhusiwe kuchoma na kwa bei gani. Wakati wa kusubiri, anayeumia kwanza ni kibarua anayelipwa kwa siku, halafu mama ntilie aliye nje ya geti.

Na msidhani ni ugonjwa wa Bongo tu. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine na gesi yake kukatika Ulaya, wenye viwanda vya vioo Ujerumani walihaha kuyaandaa matanuru yao yaweze kuwaka kwa mafuta. Tanuru la vioo huwaka karibu nyuzi 1,500 usiku na mchana, miaka kumi na zaidi bila kuzimwa. Likipoa ghafla, kioo huganda ndani na tanuru lenyewe huweza kupasuka. Hapo hakuna cha "tutawasha kesho". Wajerumani, pamoja na uhandisi wao wote, walikumbuka mlango wa pili nyumba ilipoanza kuwaka moto.

Najua wenye mali watasema: gharama. Ni kweli, ipo. Huwezi kumwaga mafuta kwenye kichomeo cha gesi ukategemea miujiza. Mafuta mazito yanataka tenki, na yapashwe moto hadi nyuzi 100 na zaidi ndipo yarushwe kama mvuke mwembamba. Gesi inataka vali za usalama na feni ya kusafisha tanuru kabla ya kuwasha, la sivyo utalipua jengo. Mwali wa mafuta una masizi yanayong'aa na kurusha joto. Wa gesi ni mkavu, kwa hiyo hewa na urefu wa mwali lazima virekebishwe. Makaa ya mawe nayo huacha majivu yanayoingia ndani ya saruji, hivyo mchanganyiko wa mawe lazima upimwe upya. Lakini yote haya yanajulikana, na vichomeo vya nishati mbili vinauzwa kila siku. Kuvifunga wakati tanuru linajengwa ni nafuu kuliko kubomoa baadaye kwa pupa.

Wengine watasema: basi tuchome kuni. Hapana! Nishati ya pili isiwe kisingizio cha kumaliza misitu. Pale Kasese, Uganda, kiwanda cha saruji cha Hima kimechoma maganda ya kahawa kwenye tanuru lake, takataka ambayo ingeoza kando ya kinu. Sisi tuna maganda ya mpunga na ya korosho. Tunayafanyia nini?

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Mwekezaji anapokuja kuomba misamaha ya kodi, aulizwe swali moja la ziada: gesi ikikatika usiku wa leo, tanuru lako litakula nini kesho? Asiye na jibu asipewe msamaha. Na jibu lisiishie kwenye makaratasi. Nishati hiyo ya pili iwashwe kweli angalau mara moja kwa mwaka, mbele ya mkaguzi. Sote tunayajua majenereta ya ofisini ambayo siku umeme unapokatika ndipo inagundulika betri ilikufa zamani.

Nasi waandishi tuache kupiga picha za utepe ukikatwa na kurudi na bahasha. Siku ya uzinduzi, uliza swali hilohilo, na jibu liandike na jina la aliyelitoa. Siku tanuru likizima tutajua pa kuanzia.

Nawasilisha.