Kisu cha Kukunja: Je, Chafaa Kutembea Nacho Kila Siku?

Ukishuka matatu pale Ukunda, kabla hujaelekea Diani, hukosi kuwakuta wachuuzi waliotandaza bidhaa zao: tochi, miwani, vitana, kufuli, na katikati yake visu vya kukunja vilivyopangwa safu. Kijana hukiokota kimoja, akakifungua, akausikiliza mlio wake, akakifunga na kukitia mfukoni. Tangu siku hiyo hakimtoki. Akienda kazini anacho, akienda msikitini anacho, akienda harusini pia anacho. Je, jambo hili ni sawa?

Siulizi kwa sababu nachukia visu. La hasha! Sisi watu wa pwani ya kusini, kutoka Tiwi hadi Vanga, tumekulia katikati ya visu. Mgema ana kotama yake, muuza madafu ana panga lake, mama ana kisu cha kupasulia samaki, na msuka mikeka ana kijisu cha kuchania miyaa. Wazee wenye cheo walivaa jembia kiunoni siku za sherehe. Lakini tazama, ndugu msomaji: kila kimoja kilikuwa na kazi yake na mahali pake, na kila mtu alikiona. Hiki cha kukunja hakionekani. Mwenye kukijua ni yule aliye nacho peke yake.

Tuanze na uzuri wake, maana haki ni kutaja mema kabla ya mabaya. Kisu kinachojulikana sana katika nchi nyingi za Afrika ni Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe katika makoloni ya Afrika, na katika miaka ya 1980 utengenezaji wake ukahamia Afrika ya Kusini. Mpini wake ni wa mbao, na baadhi yake umepambwa kwa mwezi mchanga na nyota. Kikifunguliwa hulia ta-ta-ta, na kikishafunguka hukaza, hakirudi mpaka uivute pete iliyo mgongoni. Bei yake si kubwa na makali yake hupatikana upesi kwenye kinoo. Ndiyo maana wakulima na wachungaji wamekipenda.

Tena kisu cha kukunja kina adabu ndani yake. Mtume wetu (S.A.W.) aliwaagiza wanaopita msikitini au sokoni na mishale waishike penye ncha zake, wasije wakamdhuru Mwislamu. Vilevile alikataza mtu kupewa upanga uliokwisha kuchomolewa alani. Basi kisu kinachojifunika chenyewe kimekaribia mafundisho hayo kuliko kisu kitupu kilichofungwa kwenye gazeti. Hilo nalikubali.

Lakini ubaya nao upo, na wa kwanza ni bahari. Chuma cha Okapi ni chuma cha kawaida, si kile kisichoshika kutu. Huku kwetu hewa yenyewe ina chumvi. Usipokifuta na kukipaka mafuta, wiki haipiti kabla hujaona madoadoa mekundu. Kile cha Kifaransa, Opinel, kilichoanza mwaka 1890, kina mpini wa mbao ambao ukilowa huvimba na kukibana kisu ndani. Vile vya Waswisi, Victorinox, ambavyo watalii wengi huja navyo Diani, havishiki kutu upesi, lakini vidogo vyake havina kitu cha kukazia. Ukivisukuma vibaya hukufungia vidoleni.

Nilipata kumwuliza mzee mmoja mvuvi wa Gazi, huku nikimwonyesha changu kwa majivuno.

"Ami, hiki kina pete ya kukazia. Wakionaje?"

Akakigeuza, akakinusa, akacheka. "Mwanangu, nikinaswa na kamba mguuni na chombo kinalala upande, nitakuwa na mkono mmoja tu. Huo mmoja nishike kamba, au nifungue hicho chako? Changu kimo alani, nakichomoa tu. Halafu mchanga ukiingia hapa kwenye ekseli, utakifungulia nyumbani."

Sikuwa na jibu. Mvuvi anahitaji kisu kinyoofu chenye ala, na muuza madafu anahitaji panga. Hiki cha mfukoni hakimfai yeyote kati yao.

La pili ni kuchinja. Wako vijana wanaochinja kuku, hata mbuzi, kwa kisu cha mfukoni. Sheria haikubagua umbo la kisu: chochote chenye makali kinachomwaga damu chafaa, isipokuwa jino na ukucha. Lakini tumeamrishwa kuyanoa makali na kumpumzisha mnyama. Kijisu kifupi kilichokwisha kukata kamba na kufungulia maboksi asubuhi nzima kitamtesa mbuzi wa watu, na hilo si jambo dogo mbele ya Mungu.

Tena kuna damu. Kisu cha kukunja kina mfereji ndani ya mpini, na damu ikiingia humo haitoki kwa kumwagiwa maji ya kata moja. Damu ya machinjo ni najisi. Kijana hukifuta kisu juu juu, akakikunja, akakitia mfukoni mwa kanzu, kisha akasimama katika safu ya alasiri. Wanazuoni wamesamehe damu iliyo kidogo, na kiasi chake kamwulize shekhe wako. Mimi nasema tu kwamba hatari hii haimo katika kisu cha jikoni, ambacho huoshwa kikatakata na kubaki jikoni.

La tatu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika harusi moja upande wa Msambweni, vijana wawili waligombania kiti. Kiti tu, cha plastiki! Maneno yakapanda, na mara tukasikia ule mlio wa kisu kinachofunguliwa. Alhamdulillahi, mzee mmoja aliukamata mkono wa kijana yule na hakuna aliyeumia. Lakini akina mama walikwisha kukimbia na watoto, pilau ikabaki sinia kwa sinia, na bibi harusi alilia. Kijana yule namjua, si mhuni. Lau mfuko wake ungekuwa mtupu, angerusha ngumi moja, akaombwa radhi, yakaisha.

Watakuwapo wa kuniambia, "Bwana, dunia imeharibika, na njia ya usiku ni ya hatari. Nisijilinde?" Nawajibu hivi. Mwizi haji peke yake, na kisu chako akikipokonya kitakugeukia wewe. Tena kuna serikali. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 308, inamhesabu mhalifu mtu anayekutwa na silaha ya hatari katika hali inayoonyesha nia ya kutenda kosa kubwa. Utamweleza askari saa sita za usiku kwamba ulikuwa ukimenya chungwa? Watu wa kusini hatujasahau Agosti 1997, fujo zilipozuka Likoni, kituo cha polisi kikavamiwa, watu wakauawa, na hoteli za Diani zikakosa wageni. Kijana wa kwetu mwenye kitu cha makali mfukoni hutazamwa kwa jicho la siku zile, atake asitake.

Basi hukumu yangu ni hii. Kisu cha kukunja ni chombo kizuri cha shamba na cha safari: kukata kamba, kumenya embe, kuchonga kijiti. Ukiwa na kazi nacho leo, kichukue, kikiwa safi, kimenolewa, kimepakwa mafuta, na cha aina inayokaza. Ukimpa mwenzio, mpe mpini kwanza. Kazi ikiisha, kirudi nyumbani. Msikitini, harusini, maulidini, katika ngoma na mikutanoni, kisiende. Ukisafiri kwa ndege, kwa Umra au kwa biashara, kitie katika mzigo unaopakiwa chini.

Wazee hunena kwamba mtoto akililia wembe, mpe. Methali hiyo ni ya kumfunza mkaidi, nami naijua. Lakini kwa kisu cha mfukoni afunzwaye mara nyingi si yule aliyekililia, bali ni jirani aliyeketi naye kwenye mkeka. Kabla ya kutoka nyumbani kesho, tia mkono mfukoni ukajiulize: leo nina nini cha kukata? Ukikosa jibu, kiache mezani.